Jiwe la Mama Kitandani

Huddersfield, 6 Februari 1996

Mdogo wangu Cosmos,

U hali gani wewe, na wifi yangu Verna, na yule mbuzi wenu mla nguo, bado yu hai? Mimi huku nipo. Theluji imeanguka tangu Jumapili, mlango wa nyuma umegoma kufunguka, kwa hiyo natoka kwa mlango wa mbele kama mgeni rasmi. Bi Agatha wa ghorofa ya chini, yule wa Sauteurs kisiwani kwetu, alipewa na mpwa wake kungumanga mbili zilizosafiri ndani ya soksi. Akaniletea moja. Nimeinusa mpaka nikajionea aibu. Nina kikohozi, cha baridi tu, usianze kumtangazia kila mtu pale dukani.

Sasa sikiliza. Mama amekuja. Nimemwota amesimama kwenye ua wa kiwanda cha ramu cha Petit Labeur, mbele ya nyumba ya kuchemshia maji ya miwa, na kapu la makapi ya miwa kichwani, kama alivyoyabeba maisha yake yote kuyapeleka motoni. Mvua inamnyeshea. Nikamwambia, "Mama, ingia ndani." Akanitazama kwa lile jicho lake unalolijua. "Nitaingiaje na mzigo kichwani? Nitueni." Hilo tu. Nimeamka shingo inaniuma mimi.

Cosmos, huu ni mwaka wa kumi na moja hana jiwe la kaburi. Baba alifia Aruba, jiwe lake kama lipo limeandikwa na wageni, na hilo hatukuliweza. Lakini Mama tunaye palepale, nyuma ya kiwanda, hatua chache kutoka pale alipofanya kazi. Tutasema nini? Kwamba tulikuwa na shughuli?

Mwambie Lendore mwashi atengeneze jiwe la saruji. Aandike CLEMENTINE BEDEAU, herufi kubwa, asiweke maua. Nitakuja Juni, mavuno yakiisha, nishike jiwe upande wa kichwani kama inavyompasa mtoto wa kwanza. Tutapiga ngoma, tutapika, tutamtua.

Mpe Verna busu. Mbuzi mpe teke.

Dada yako Eulalie


Petit Labeur, 10 Machi 1996

Dada mpendwa Lali,

Barua yako imefika, na sisi tu wazima. Mbuzi amekula mkono mmoja wa gauni la Verna la kanisani, na Verna amekata na ule wa pili ili ifanane, sasa watu wanamsifu kwa mtindo mpya. Miwa inakatwa. Mishelisheli imezaa mpaka matunda yanaoza chini.

Ndoto yako nilimsomea Verna, akaweka kijiko chini. Siku hiyohiyo nikaenda kwa Lendore. Dada, amefanya kazi ya mikono miwili, jiwe limenyooka, jina linasomeka kutoka barabarani. Wiki iliyopita tulilileta. Nilimwaga maji kizingitini, nikamwaga na ramu, tukaliingiza kwa mlango wa mbele, tukalilaza kwenye kitanda chetu, tukalifunika shuka nyeupe. Verna akasema, "Karibu, Ma Clementine, samahani kwa godoro." Tukalia kidogo, tukacheka, tukala.

Sisi tunalala sakafuni, hatuna neno. Asubuhi namwekea kikombe cha chai ya kakao, kama alivyopenda, chungu, bila maziwa.

Kule kiwandani wamepaka geti rangi ya kijani. Inang'aa kweli.

Hicho kikohozi bado?

Mdogo wako Cosmos


Huddersfield, 4 Aprili 1996

Cosmos,

Nakusalimu, namsalimu na Mama hapo alipolala. Bi Agatha anasalimu pia. Baridi imelegea, bustani imetoa maua ya njano ambayo hayanuki kitu, kama watu wa huku.

Nimesoma barua yako nikafurahi, kisha nikaisoma tena nikakasirika. Nani alikwambia uliingize jiwe ndani mwezi wa tatu? Wewe ni mtoto wa nani? Hujui kwamba likishafunikwa shuka si jiwe tena? Ni Mama huyo. Haliwezi kurudi kwa Lendore, haliwezi kuwekwa bandani na majembe, linatoka humo kwenda kaburini tu. Jiwe linaingia nyumbani siku kaburi limeshafagiliwa na ngoma zimeshaanikwa juani! Haraka ya nini? Tangu utoto ukiambiwa kachote maji unarudi na ndoo kabla kisima hakijafunguliwa.

Na jambo la pili. Umeniambia rangi ya geti. Mimi nakujua, Cosmos. Hunisimulii rangi ya geti bure, kuna kitu nyuma yake. Sema.

Safari ya Juni naona itasogea kidogo. Mambo ya hapa na pale. Usijali.

Dada yako Eulalie


Petit Labeur, 19 Mei 1996

Dada Lali,

Salamu zako zimefika kwa wote, na kwa Mama nimezifikisha kwa sauti. Jumatano tulipata mvua ya kwanza. Verna mgongo unamsumbua kwa sababu ya sakafu, ila anasema ni afadhali mgongo kuliko laana.

Haya, nitasema. Niliingiza jiwe kwa haraka kwa kuwa nilisikia wanauza kiwanda. Nikadhani Mama akishakuwa njiani, hakuna mtu atakayemfungia. Nilikosea. Petit Labeur imenunuliwa na kampuni. Ramu bado wanapika kidogo, ya kuonyesha, lakini kazi hasa sasa ni wageni. Gurudumu la maji wamelipaka mafuta. Masufuria ya shaba wameyasugua mpaka unajiona uso. Na makaburi wamezungushia uzio.

Nilikwenda kwa meneja. Si mtu mbaya, Dada, ningefurahi kama angekuwa mbaya. Alinipa kiti, akanipa soda. Nikamweleza, Mama yupo mle, jiwe lipo kitandani, tunaomba asubuhi moja tu. Akasema, "Bwana Bedeau, nakuelewa kabisa. Ila eneo lile ni la kihistoria. Haliruhusiwi kuongezwa kitu." Nikamwambia siongezi kitu, Mama yumo tayari. Akasema anaelewa. Kila nilichosema alielewa. Nikatoka na soda yangu nusu.

Basi Jumamosi ilipotia nanga meli ya watalii, nikanunua tiketi, nikavaa koti la harusi nikaingia na wageni. Dada, nimefanya kazi mle tangu nina meno ya utoto na sikuwahi kuingia kwa tiketi. Anayewatembeza ni Arlette, binti wa Ma Titine jirani, aliyekulia jikoni kwetu. Aliponiona akarudia sentensi moja mara mbili, akaendelea. Akawaonyesha kinu. Akawaonyesha tanuri, akasema hapa wanawake walileta makapi vichwani kuchochea moto. Nikaona sehemu ile ya ukuta iliyochakaa pale Mama alipokuwa akiegemea kupumzika. Wameiacha. Mzungu mmoja aliipiga picha.

Kisha tukafika uzioni. Kaburi la Mama lipo, kwenye kona. Arlette akaangalia viatu vyake, akasema, "Hapa wamelala watumwa wa shamba hili, ambao majina yao hayajulikani. Makome haya ya baharini waliyapanga kwa kuikumbuka bahari iliyowaleta."

Dada! Makome yale niliyapanga mimi! Nyama yake tuliila mchuzi wiki ya matanga, wewe mwenyewe uliongeza pilipili, Padri akatokwa jasho!

Watumwa wamo mle, sikatai, ni babu zetu na wanastahili kuliliwa na watu. Lakini Mama alizikwa mwaka themanini na tano na redio ilitangaza. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema, "Yule wa kona ni mama yangu." Wageni wakanigeukia. Bibi mmoja mwenye kofia ya ukili machozi yakamtoka, akanishika mkono akasema, "Ndiyo, wote ni mama zetu." Akaning'ang'ania. Yule bibi alimlilia Mama kwa dhati bila kumjua, na mimi ninayemjua nimesimama na tiketi mkononi.

Mwisho wanagawa ramu, kikombe cha ukubwa wa kidole kwa kila mtu. Yangu sikunywa. Nilirudi nikaimimina kwenye uzio, walau imfikie. Mlinzi akaniambia, "Mzee, usimwage hapo, wageni watateleza."

Arlette alinifuata mpaka barabarani. "Anko Cosmos, nisamehe. Nimepewa maneno ya kusema. Nikiyabadilisha wanamweka mwingine atakayesema yaleyale."

"Mwanangu, unamjua aliyelala pale?"

"Alinisuka nywele," akasema, akaanza kulia.

Ningemgombeza, lakini nilijikuta nambembeleza mimi.

Sasa nifanyeje, Dada? Niambie na mimi nitafanya.

Cosmos


Huddersfield, 12 Juni 1996

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako tangu ilipofika. Msalimie Verna, mwambie atandike magunia chini ya mkeka, mgongo si wa kuchezea. Bi Agatha alinikuta naisoma, nikamsomea, akapandisha ushungi wake akasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mwanamke yule alibeba makapi mpaka utosi ukawa bapa! Alitulea kwa jasho la pale, akazikwa na watu mia mbili wanaimba, leo hana jina kwa sababu hana jiwe, na hana jiwe kwa sababu hana jina. Hii ni hesabu gani?

Nilimpigia simu meneja. Ndiyo, mimi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Akapokea kwa upole. Akaniambia anaelewa. Cosmos, nilianza kukohoa, nikakohoa mpaka akauliza kama niko salama, kisha laini ikakatika. Basi ndiyo vita yangu yote hiyo.

Unaniuliza ufanyeje. Chukua jiwe, chukua ngoma, chukua watu, nenda getini mchana kweupe. Wakiona Mama amebebwa watafungua. Nani anamfungia geti mama wa watu? Mimi usinisubiri. Daktari anataka kunitazama tena mara moja hivi, ni mambo yao tu, wanapenda kutazama. Upande wa kichwani ashike Verna kwa niaba yangu.

Na Mama akiamka asubuhi uniambie kama anakunywa chai.

Dada yako Eulalie


Petit Labeur, 28 Julai 1996

Dada Lali,

Natumaini daktari ameshatazama akatosheka. Hukusema anatazama nini.

Tulikwenda. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, hata wale wa kisiwa cha Carriacou walivuka bahari na ngoma zao. Verna alishika kichwani, mimi miguuni, tukampandisha kwenye pikapu ya Lendore, tukaenda taratibu tunaimba. Nilitembea kifua mbele. Nikasema moyoni, leo Mama anatuliwa.

Getini alikuwepo mlinzi, na mlinzi ni mtoto wa Lendore mwenyewe. Baba yuko kwenye usukani, mtoto ameshika kufuli. Lendore akatoa kichwa dirishani. "Wewe. Fungua."

"Baba, siwezi."

"Mchanga wa jiwe hili umeuchekecha wewe! Fungua!"

"Baba, nikifungua nani atalisha watoto? Wewe?"

Lendore akarudisha kichwa ndani. Mtoto akavua kofia, akapiga magoti palepale kwenye lami mbele ya jiwe, akafanya ishara ya msalaba, na ufunguo ukiwa kiunoni. Hakufungua. Na hakuna aliyeweza kumchukia. Mwenye nguvu mpishe, lakini yule hakuwa na nguvu yoyote, alikuwa amesimamishwa tu pale.

Meneja akaja. Akasikiliza wimbo mpaka mwisho, kichwa chini. Kisha akatoa wazo lake. Akasema wana chumba cha vifaa vya kale, kuna mizani na mapipa na minyororo, wangefurahi kuliweka jiwe humo, kwenye meza, na taa. Wageni wangelisoma.

Verna akamwambia, "Bwana, huyu si pipa."

Tukageuza gari. Sasa ikawa shida ya pili. Maiti akishatoka kwa mlango harudi kwa mlango uleule. Tumesimama uani na Mama kwenye pikapu, mvua imeanza, hatujui pa kumpitisha, na wapiga ngoma wanabishana. Ikabidi tumpitishe dirishani. Nilivunja fremu. Mbuzi akapata nafasi akala kona ya shuka. Watu walianza kucheka, nikacheka na mimi, kisha nikaona siwezi kuacha, na haikuwa kicheko tena.

Yupo kitandani. Tumemlaza katikati kama mwanzo. Mambo yameisha hapo, sina lingine. Chai anakunywa, yaani jioni kikombe huwa kimepungua, Verna anasema ni joto.

Dada, mbona husemi unakuja lini?

Cosmos


Huddersfield, 15 Septemba 1996

Mdogo wangu mpendwa,

Usishtuke kwa mwandiko, ni wa Bi Agatha. Maneno ni yangu, nimemkataza asitie yake. Nawasalimu wote. Samahani kwa ukimya wa Agosti.

Kikohozi si cha baridi. Hakijawa cha baridi tangu mwaka jana. Wamefungua kifua wakakifunga tena, ndivyo walivyosema, na wanaposema hivyo wanakuletea chai. Sikukwambia kwa sababu ungefanya nini? Ungekaa pale ukashika kichwa. Jiwe lilikutosha. Nilitaka kuja Juni, nikataka Agosti. Sasa ngazi tu ya nyumba hii napanda kwa kukaa. Kama Baba kule Aruba, nami nitaandikwa na wageni. Naogopa, Cosmos. Nimekuwa mkali maisha yangu yote kwa kuwa ni mwoga, ujue hivyo. Udongo wa huku ni baridi.

Lakini sikiliza, kuna habari njema. Mama amekuja tena. Safari hii hayuko mvuani. Yuko chumbani kwako, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mkavu, kapu liko chini. Mmemtua, Cosmos! Sijui vipi, wala si pale tulipotaka, lakini ametuliwa. Shingo yake ilikuwa imenyooka kama ya msichana. Alikuwa anakunywa chai ya kakao.

Kisha akaniona nimesimama mlangoni. Akasogea ukutani, akapigapiga shuka kando yake.

Nimeielewa. Wala usianze kubishana na ndoto, hatujawahi kubishana nayo kwetu. Nilitaka ujue tu kwamba nafasi ameniachia, na kwamba ni kwenye kitanda chako, hapo nyumbani, si huku. Nimefarijika.

Bi Agatha analia juu ya karatasi, kama kuna doa ni lake.

Dada yako Lali


Petit Labeur, 9 Oktoba 1996

Dada,

Barua yako iliingia Ijumaa. Verna aliisoma kwanza, akaniletea uani, akamfungua mbuzi, akamfunga tena palepale.

Kuja huko siwezi. Nimekwenda mjini kuuliza, nikakaa kwenye benchi kutwa, na mwisho nimepewa jibu lile la getini, kwamba wananielewa. Dawa sina, maneno ya madaktari sijui, kukushika mkono sifiki. Petit Labeur wameshatangaza kuwa usiku wa Watakatifu Wote hakuna kuwasha mishumaa makaburini mwaka huu, kwa ajili ya nyasi. Arlette ameacha kazi. Yule aliyewekwa anasema yaleyale, tena kwa sauti nzuri zaidi. Hayo ndiyo ya huku.

Nilikwenda chumbani kumtazama Mama. Nilikwambia tulimlaza katikati. Dada, yuko ukutani. Verna anaapa kwa marehemu mama yake hajamgusa, na mimi peke yangu jiwe lile siliwezi. Upande wa mlango pana nafasi, inamtosha mtu mmoja mwembamba.

Kwetu hatubishani na ndoto, umesema kweli. Lakini mimi tangu utoto nafanya mambo kabla ya wakati, na hilo pia ulilisema.

Nimelala hapo mimi.

Nakuandikia nikiwa kitandani, kalamu inagoma kuandika kuelekea juu. Jiwe ni baridi kwa ubavu, tumbo linaning'inia nje, na mguu mmoja uko sakafuni. Verna alikuja kuniita nikale. Nikamwambia alete hapahapa.

"Utalala na jiwe mpaka lini?"

"Mpaka Dada aandike."

"Na asipoandika?"

Alisimama mlangoni na sahani, akaiweka chini. Akavua viatu, akapanda, akajikunja miguuni petu kwa kuwa hapakuwa na pengine. Mgongo ule mbovu.

Kwa hiyo akija Mama tena, mwambie kitanda kimejaa. Asipige shuka, hapo anapopiga ni mbavu zangu. Mwambie huku huna pa kulala, kwa hiyo utabaki hukohuko kwenye theluji yako, ukohoe, utukane watu, umtume Bi Agatha karatasi nyingine.

Barua hii itachukua wiki tatu kufika na yako wiki tatu kurudi. Mimi sitoki hapa.

Mdogo wako Cosmos